Kilichokufa ni Pawa Saplai

Katika stoo ya taasisi moja ya umma nilionyeshwa kompyuta za mezani 9, kila moja imebandikwa karatasi yenye neno moja: MBOVU. Niliomba ruhusa, nikarudi na fundi mmoja wa Kariakoo aliyebeba multimita, bisibisi na pawa saplai moja nzima. Aliiazimisha kila mashine kwa zamu. Kabla ya saa ya chai, kompyuta 6 zilikuwa zimewaka.

Pawa saplai ni lile boksi la bati linalopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo kompyuta huzitumia. Vifo vyake havina uchawi. Umeme wetu wa volti 230 hukatika, kisha hurudi kwa kishindo. Vumbi huziba feni, joto hupanda, kapasita huvimba kichwa. Na wanaelektroniki hukadiria kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 za selsiasi, umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Tena kuna kile kiswichi chekundu cha mgongoni, chenye alama 115 na 230. Mashine ya mtumba iliyotoka Marekani huweza kufika ikiwa imewekwa 115. Anayeichomeka bila kutazama husikia mlio mmoja, huona moshi, kisha huapa kwamba mitumba yote haifai.

Fundi makini hutazama kiswichi hicho kwanza. Akishaichomoa pawa saplai kwenye mashine, huunganisha waya wa kijani na mweusi ili aiamshe, na wala haridhiki kuona feni ikizunguka. Hupima kila volti ikiwa na mzigo. Halifungui boksi kwa pupa, kwa kuwa kapasita kubwa za ndani huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Fundi asiye makini huziba fyuzi iliyoungua kwa unyuzi wa waya. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na sitalitetea kwa jina la ubunifu wa Kiafrika. Fyuzi ilikatika kwa sababu kuna kitu kimepiga shoti. Kuilazimisha ipitishe umeme ni kukaribisha moto ofisini.

Kwa nini, basi, mashine zile zilihukumiwa? Nilimuuliza mhusika, akanijibu kwa unyoofu nilioupenda. Fundi wa kibarazani hana risiti ya EFD wala hajasajiliwa kwenye mfumo wa NeST. Ukimlipa kwa masurufu, utaandikiwa hoja ya ukaguzi. Ukisubiri zabuni ya matengenezo, mwaka wa fedha utakwisha. Kuombea bajeti kompyuta mpya, alisema, ni karatasi moja tu.

Simlaumu. Mtumishi hufuata njia isiyomtia matatani, na wakaguzi wana sababu zao: wapo waliodai fedha za vipuri ambavyo havikununuliwa kamwe. Lakini udanganyifu wa namna hiyo huzuilika kwa utaratibu mwepesi. Kipuri kibovu kirudishwe stoo kikiwa na namba ya mashine kilikotoka, vipimo vya volti viandikwe kabla na baada ya kazi, na mkuu wa kitengo aweke sahihi akiwa ameiona kompyuta ikiwaka. Kanuni za ununuzi tayari zinayatambua makundi maalumu, yakiwamo ya vijana. Halmashauri ingeweza kuwasaidia mafundi wa mtaa mmoja wajisajili kama kikundi, wakae mafunzoni VETA kwa muda mfupi kuhusu usalama wa umeme, kisha waingie mkataba wa mwaka mzima na ofisi za jirani. Vijana wangapi wenye diploma ya elektroniki wanauza kava za simu hivi sasa?

Siku ile, fundi alichomoa pawa saplai yake kwenye mashine ya mwisho, akaifunga kwenye mfuko wa rambo. Hakulipwa na taasisi. Nauli na chai nilitoa mimi. Karatasi za MBOVU tuliziacha zilipokuwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuzibandua.