Ruzuku ya Bustani: Tazameni Sharti, Si Dola

Mfanyabiashara akisikia "bustani ya umma" huona hasara: kiwanja kizuri katikati ya mji, hakina mpangaji wala kodi. Hesabu hiyo ina kasoro.

Marekani ina mfuko wa hifadhi ya ardhi na maji, ulioundwa kwa sheria ya 1964. Mapato yake hutoka zaidi kwenye mafuta na gesi ya baharini, na sheria ya 2020 iliutengea dola milioni 900 kila mwaka. Sehemu huenda majimboni, ambako manispaa inayonunua au kukarabati bustani hurudishiwa hadi nusu ya gharama. Kurudishiwa, yaani itumie kwanza. Halmashauri zilizozoea kula kabla ya kupika hazitaupenda utaratibu huo.

Kwa maoni yangu, kilicho kikubwa hapo ni sharti. Ardhi iliyopata ruzuku hiyo hubaki ya mapumziko daima. Anayetaka kuibadilisha matumizi apate kibali cha serikali kuu, kisha atoe ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua. Mwenye hoteli jirani anajua dirisha lake litatazama nini miaka ishirini ijayo, na benki yake pia inajua.

Nairobi, 1989, ilitangazwa kwamba jengo la ghorofa 60 lingesimama ndani ya Uhuru Park. Kesi mahakamani haikufua dafu. Bustani iliokolewa na makelele ya Wangari Maathai na wenzake, hadi wawekezaji wa nje wakajitoa. Mwenye kiwanja ng'ambo ya barabara angepanga bei gani mwaka ule?