Project bila maandishi isipokelewe

Wanachuo wenzangu wa TEHAMA, tuna ugonjwa mmoja: tunafunga mitandao vizuri, halafu tunaondoka na maarifa yote kichwani. Kuna shule moja ya sekondari hapa Chamwino ambayo maabara yake ilisukwa na wenzetu waliotutangulia. Kompyuta zinawaka, nyaya zipo, taa za ruta zinapepesa. Ila mashine hazionani, na waliosuka mtandao washahitimu bila kuacha hata karatasi moja. Mwalimu anafundisha intaneti kwa chaki.

Linganisheni na netgraph, mfumo wa mtandao ndani ya FreeBSD, ulioanzishwa miaka ya 1990 na Julian Elischer na Archie Cobbs. Una vifundo vidogo vyenye kulabu za kuunganishia: kimoja kinashika kadi ya mtandao, kingine kinafanya kazi ya daraja, kingine PPPoE. Unavipanga utakavyo. Uhuru huo bila maelekezo utakukesha! Ndiyo maana vifundo vina kurasa zao za mwongozo, na kwenye folda ya /usr/share/examples/netgraph kuna mapishi tayari. Pishi la ether.bridge, la kuunganisha kadi kadhaa ziwe mtandao mmoja, linakuambia kwanza utengeneze nakala yako, kisha linakuonyesha mistari ya kubadilisha. Mtu asiyekujua amekufikiria.

Najua mtasema, "Si ipo Google?" Ipo, kwa Kiingereza, na haijui waya upi wa ile maabara unaingia wapi. Na msisingizie lugha: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux.

Mama zetu hukadiria magadi ya mlenda kwa macho tu, na wanapatia. Lakini wao wapo jikoni kila siku. Sisi tunakaa miaka mitatu, minne, tunasepa.

Kwa hiyo napendekeza: project ya mtandao isipokelewe bila ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mchoro wa nyaya, anwani za IP, amri kama zilivyoandikwa, na sababu ya kila amri. Nywila iwekwe kwenye bahasha, akabidhiwe mkuu wa shule. Halafu ukurasa huo apewe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwepo, aufuate peke yake. Akikwama, mwandishi arudi kurekebisha, ndipo apewe maksi.