Jengo Lilianza na Dhahabu, Likaishia kwa Karao

Wasee, leo twende Beechworth, mji mdogo wa Victoria, Australia. Dhahabu ilipatikana huko 1852, watu wakamiminika. Kuna jengo moja la mawe limenikaa kichwani wiki nzima. Lilijengwa kuwa hazina ya serikali, pa kuwekea dhahabu. Baadaye likageuzwa kituo cha polisi.

Hebu fikiria hiyo. Kwenye machimbo ya Victoria, kila mchimbaji alilipa shilingi 30 kwa mwezi kupata leseni, apate dhahabu asipate. Polisi walifanya misako: leseni iko wapi? Huna, unabebwa. Kule Ballarat watu wakachoka, na tarehe 3 Desemba 1854 wakapambana na askari pale Eureka. Zaidi ya 20 walikufa.

Hiyo swali naijua. Baada ya kuacha kampasi, usiku mmoja natoka kushuti video, nikaulizwa kitambulisho. Nilikuwa nimekiacha kwa nyumba. Nililala seli. Lakini simu yangu ilipoibwa, niliandikisha OB na hadi leo hakuna aliyenipigia. Sasa nauliza, manze, hawa watu wanalinda nini hasa?

Beechworth angalau hawafichi. Mama yake Ned Kelly, Ellen, alihukumiwa hapo Oktoba 1878, miaka 3, akiwa na mtoto mchanga. Mwezi huohuo genge la Ned likaua polisi watatu. Ned akanyongwa 1880. Sisemi alikuwa shujaa; wale polisi pia walikuwa na watu wao. Nasema tu kwamba polisi walipohama, maonyesho ya Ned Kelly yaliwekwa kwenye jengo lilelile. Watu wakaingia, wakasikia pande zote mbili.

Sisi je? Kakamega ilipata dhahabu 1931. Mwaka uliofuata wakoloni wakabadilisha sheria yao wenyewe, ile iliyoahidi kulinda ardhi ya wenyeji, ili ichukuliwe na mtu alipwe pesa tu bila kupewa shamba lingine. Wangapi mlifunzwa hiyo shuleni?

Maoni yangu: vituo vyetu vya zamani visibomolewe, na visipakwe rangi tu. Seli moja iachwe wazi, ukutani iandikwe nani alifungiwa humo, kwa kosa gani, na kituo kilijengwa kulinda mali ya nani.

Mtaani kwenu kuna kituo cha zamani? Muulize shosho kilikuwa kinalinda nini, kisha uniandikie hapa chini.