Wigi langu, simu ya mayu

Makamanda, huko TikTok vijana wamekuwa wakishindana kutonunua. Mwaka 2023 walianza kuambiana bidhaa gani ni kupoteza hela, 2024 ikaja ya kuonyesha viatu vilivyochakaa na chupa ya losheni iliyokatwa ili mabaki yatoke. Nilicheka. Kwetu Binza, mayu anakata chupa za mafuta tangu sijazaliwa na hakuna aliyempa laiki.

Ila naiunga mkono, tena nina sababu. Nikiwa mwaka wa pili boom lilichelewa, rafiki yangu ana sendofu, mimi nikataka wigi nililoliona Instagram. Nikakopa elfu themanini kwenye programu ya simu, nilipe ndani ya siku saba. Siku ya nane wakampigia mayu, yuko shambani anachuma pamba. Akanipigia: "Mwanangu, kuna mtu anasema wewe ni tapeli, na mimi ndiye mdhamini wako." Namba yake sikuwapa. Waliichota kwenye simu yangu. Lile wigi nililivaa mara moja tu.

Sasa, mimi nasoma sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018, inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Hesabu mwenyewe hiyo miaka, halafu mtu aje aniambie tatizo ni tamaa ya vijana! Tamaa nilikuwa nayo, nakiri. Lakini aliyemtisha mama yangu alikuwa kazini.

Na tusidharau kukaza mfuko. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala, hadi shilingi 10,000 kwa muamala, watu walipiga kelele na wengi wakapunguza kutuma hela kwa simu. Hazikupita wiki nyingi, ikashushwa kwa asilimia 30. Haikutosha, lakini walisikia.

Kwa hiyo kikao kijacho cha tawi, njoo na zile meseji za vitisho, usizifute. Tutakaa tuandike malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mimi nitasaidia kuandika. Na tisheti mpya ya chama, kama ya mwaka jana haijachanika, iache (mwenyekiti atanisamehe).