Simu ya Gerezani Iliyokula Nauli ya Mama

 

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, wiki hii tunazungumzia jambo ambalo nyumba nyingi hulificha. Ni jamaa aliye gerezani, na namna ya kuendelea kuwasiliana naye bila kuifilisi nyumba.

Baada ya swala ya Alasiri alitujia mama mmoja wa hapa Tlawi, akiwa na simu ndogo mkononi. Mwanawe anatumikia kifungo mbali na mkoa wetu wa Manyara. Miezi michache kabla ya hapo alipigiwa simu na mtu aliyesema anazungumzia ndani ya gereza. Mtu huyo alimwita "mama", akadai ameazimwa simu, na akaomba shilingi 20,000 ili aruhusiwe kupiga tena. Mama alituma. Akatuma mara ya pili, na mara ya tatu akauza mbuzi. Tulipomuuliza kama aliitambua sauti, alijibu: "Sauti ya mwanangu naijua hata akiwa na mafua. Ile sikuijua, ila nilitamani iwe yake."

Jamaa yake mmoja alipopita mji ule na kumtembelea kijana, ukweli ulijitokeza. Kijana hakuwahi kupiga simu hata mara moja, na kwa miezi yote hiyo aliamini kuwa nyumbani wamemtupa. Fedha ambayo ingemfikisha mama kwa mwanawe ndiyo iliyoliwa na matapeli.

Tumeona ni wajibu wetu kuyaeleza haya kwa uwazi. Simu ya mkononi ni kitu kilichokatazwa kwa mfungwa katika magereza yetu. Kwa hiyo, anayekuomba fedha ili mwanao apate simu ya siri, ama ni tapeli, ama anamwingiza mwanao katika kosa. Na kosa hilo lina gharama kubwa kuliko muda wa maongezi. Kwa mujibu wa Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, wafungwa wengi wenye nidhamu hupata msamaha wa theluthi moja ya kifungo, na msamaha huo unaweza kupotea kwa makosa ya nidhamu. Dakika chache za mazungumzo ya kuibia zisije zikamwongezea kijana miezi ndani. Namba ya tapeli iripotiwe Polisi, na unaweza pia kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili hiyo.

Uzito huu haupo kwetu peke yetu. Huko Marekani, ambako mfungwa huruhusiwa kupiga simu, kampuni za simu zilizitoza familia hadi zaidi ya dola 15 kwa mazungumzo ya dakika 15. Bibi mmoja kipofu wa mji wa Washington, Martha Wright, alichoka kuchagua kati ya dawa zake na sauti ya mjukuu wake. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakapeleka malalamiko serikalini. Alifariki mwaka 2015, na sheria yenye jina lake ya kudhibiti bei hizo ikatiwa saini Januari 2023. Umoja wa Mataifa nao, katika Kanuni za Mandela za mwaka 2015, umeelekeza kuwa mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia yake kila baada ya muda, kwa barua, kwa kutembelewa, na kwa simu pale inapopatikana.

Kwetu basi, njia iliyo wazi na nafuu ni barua na ziara, na simu iwe mtumishi wa hayo mawili.

Kwanza, barua. Iandikwe kila mwezi bila kukosa, na ndani yake iwekwe bahasha yenye anuani na stempu ya kurudishia jibu. Kumbukeni kuwa barua husomwa na maafisa wa gereza kabla ya kumfikia mwenyewe. Iandikwe kwa Kiswahili, kwani ya Kiiraqw huenda ikachelewa kwa kukosa wa kuielewa. Yasiandikwe mambo ya kesi wala malalamiko juu ya watu, bali habari za nyumbani: nani ameoa, nani amefariki, mahindi yamefikia wapi.

Pili, ziara. Kila gereza lina siku na saa zake za wageni, na wafungwa huhamishwa. Kabla ya kupanda gari la Karatu au la Babati, ulizeni kwanza kama bado yupo hapo, siku gani wageni hupokelewa, na vitu gani huruhusiwa. Mkikosa namba ya ofisi ya gereza husika, anzeni na gereza lililo karibu nanyi. Simu moja ya namna hiyo huokoa nauli ya watu wawili.

Tatu, simu ya familia. Asafiri mtu mmoja kwa niaba ya wote, akiwa na salamu za kila mmoja kwenye karatasi. Akitoka, apige simu nyumbani saa mliyoafikiana, wote mkiwa mmekusanyika na sauti imefunguliwa. Kifurushi kimoja cha bei ndogo kinatosha kwa masikio ya ukoo mzima. Ukitokea msiba, msimtafute mtu wa kupenyeza habari. Pelekeni taarifa kwa ofisi ya Mkuu wa Gereza, naye mwenye mamlaka ataamua namna ya kumfikishia.

Nne, nauli. Nyumba tano zikitoa shilingi 1,000 kila wiki, mwisho wa mwezi wa wiki nne zinapatikana 20,000, kiasi kile kile alichokuwa akichukua tapeli kwa simu moja. Fedha hiyo iwekwe mahali pamoja na iandikwe daftarini.

Wapo watakaosema: huyu amekosa, aache aonje matokeo. Hukumu imeshatolewa na mahakama, na anaitumikia. Sisi hatukupewa kazi ya kuiongeza. Katika Suratul Insan, Allah (SW) amewasifu wanaolisha chakula maskini, yatima na mateka, ilhali wao wenyewe wanakipenda. Na Thumama bin Uthal alipofungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina, Mtume (SAW) alimwendea siku baada ya siku akimuuliza hali yake. Siku ya tatu akaamuru aachiwe, naye akaenda kuoga, akarudi na kusilimu. Kama yule aliyekuwa adui aliulizwa hali, mtoto wetu atanyimwaje?

Ofisi ya msikiti wetu sasa huandika barua kila Ijumaa baada ya Alasiri kwa yeyote asiyejua kuandika, na haulizwi mtu kosa la jamaa yake. Mama yule alikuwa wa kwanza. Jibu lilimfikia baada ya wiki sita. Kijana aliuliza kama vitunguu saumu vimeshavunwa, akamwomba mama yake radhi, na akamsihi asiuze mbuzi mwingine. Mama alituomba tumsomee barua ile mara tatu, kisha akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Mwenye jamaa gerezani asione haya kuja. Allah awafanyie wepesi wote waliofungwa, awaongoze na awarejeshe salama kwa watu wao. Wabillahi tawfiq.