Unajua Maiti Zilikozikwa?

Dada mmoja wa Sumbawanga kaniuliza: "Anti, mume anataka kuniacha, na siri zake zote ninazo. Nimwage mchele?"

Waingereza husema fulani anajua maiti zilikozikwa. Hawasemi makaburi! Ni yule aliyekaa karibu na wakubwa mpaka akajua uchafu wao, basi hakuna anayethubutu kumgusa. Sisi tunao wetu: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ila tofauti ipo, shosti. Yule anatisha, mwosha anasitiri.

Wazee wa Ufipa walilijua hili. Walipoyeyusha chuma kwenye ilungu, lile tanuri refu la udongo, dawa zilikaa kwenye kikapu cha fundi, na kazi ikiendelea hakuna kulala na mke. Siri ile ilitunza kazi, haikumtishia mtu.

Sasa dada, pima. Kama kakupiga au kafanya jinai, hiyo si siri, nenda polisi leo. Kama ni aibu ya chumbani, nyamaza nayo. Ukimtisha atabaki kwa woga, na mume wa woga ni mgeni tu ndani ya nyumba.

Haki yako haihitaji umbeya. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwanza mpite baraza la usuluhishi, kisha mahakama ikivunja ndoa inaweza kugawa mali mliyochuma pamoja. Tunza risiti, siyo siri!

Tukutane mwezi ujao.