Vidonge vya Vitamini C: Madai Manne na Majibu Yake

Huku Kaisho, mkoani Kagera, vidonge vya vitamini C vinasifiwa kuliko kazi yake. Tuyapime madai yanayorudiwa zaidi.

"Ukimeza kila siku hupati mafua." Si kweli. Mwanakemia Mmarekani Linus Pauling ndiye aliyelivumisha wazo hili kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Majaribio yaliyohusisha maelfu ya watu yameonyesha kuwa wamezaji wa kila siku hupata mafua kama wenzao; tofauti ni kwamba kwa watu wazima huisha mapema kidogo, kwa takriban asilimia 8. Anayesubiri mpaka aanze kupiga chafya ndipo ameze, hana faida ya uhakika.

"Hukinga virusi vyote." Hapana. Kagera imepigwa na virusi vya Marburg mara mbili: Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025. Kila mlipuko ulidhibitiwa kwa kuwatenga wagonjwa na kuwafuatilia waliowagusa. Hakuna kidonge cha vitamini kinachofanya kazi hiyo.

"Haina madhara, ziada hutoka na mkojo." Hapa pana nusu ya ukweli. Ziada hutoka, lakini sehemu yake hugeuka oksaleti, ambayo huweza kujenga mawe kwenye figo. Kikomo kwa mtu mzima ni miligramu 2,000 kwa siku. Ukivuka, tumbo husokota na kuharisha. Aliyewahi kuugua mawe ya figo, au mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, amuulize daktari kwanza. Dozi kubwa huweza pia kuvipotosha baadhi ya vipimo vya sukari vya nyumbani.

"Bila kidonge haitoshi." Mwanamume huhitaji miligramu 90 kwa siku, mwanamke 75. Gramu 100 za pera zina zaidi ya 200. Tena pera likiliwa pamoja na ndizi na maharage, husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, jambo lenye uzito kwa mama mjamzito. Papai na chungwa nayo yana vitamini C.

Kidonge kina mahali pake: kwa mgonjwa wa kiseyeye, au asiyeweza kula matunda na mboga. Wewe mwenye mpera uani, hela ya vidonge nunulia maharage. Na homa isiyoshuka ipeleke kituo cha afya, si kwenye kopo la vitamini.